Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupiga picha mawe ya makaburi ya zamani New England, msimu wa majani kupukutika

Ninaishi Nashua, New Hampshire, mojawapo ya majimbo ya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kila mwaka, tangu mwisho wa Septemba hadi theluji ya kwanza, huzunguka vijijini nikipiga picha mawe ya makaburi ya zamani: yale makaburi madogo yaliyozungushiwa ukuta wa mawe, mara nyingi hayazidi ukubwa wa uwanja wa netiboli, kando ya barabara ya vumbi au katikati ya msitu ambao zamani ulikuwa shamba. Wanaoniuliza maswali ni Waswahili wenzangu wa Lowell, Manchester, Portland na Burlington, na maswali yao hufanana. Nimeyakusanya hapa ili nisijibu kila mmoja peke yake.

Jambo moja litajirudia katika majibu yangu: piga jina kwanza, uzuri baadaye. Mwaka wangu wa pili nilirudi nyumbani na picha arobaini za majani mekundu na mawe yaliyoinama. Kisha mama mmoja akaniandikia akiuliza kama nimeona jina la ukoo wake katika makaburi yale. Nililiona, nakumbuka kabisa, lakini katika picha zangu zote halikusomeka hata moja. Niliporudi baada ya majira ya baridi, uso wa jiwe ulikuwa umebanduka na kuanguka kwenye nyasi vipande vipande.

Kupiga picha makaburini si uchuro?

Mama yangu aliniuliza hivyohivyo kwa simu kutoka Tanga. Namwelewa. Tumelelewa kupita makaburini kimya, kutokanyaga wala kukaa juu ya kaburi, na kamera inaonekana kama kuchezea mahali pasipochezewa.

Nilichomjibu ni kwamba mawe haya yalichongwa ili yasomwe na mpita njia. Shairi lililorudiwa mno kwenye mawe ya New England ya karne ya 18 na 19 linamsemesha moja kwa moja anayepita: nikumbuke upitapo, ulivyo wewe sasa ndivyo nilivyokuwa mimi, na nilivyo mimi ndivyo utakavyokuwa. Mtu aliyeagiza maneno hayo alitaka asimame mtu mbele yake. Mimi hutoa salamu langoni kama nilivyofundishwa, hutembea kati ya safu, simu naizima sauti. Kukiwa na maziko au familia imekuja kuweka maua, naondoka, narudi siku nyingine.

Kwa nini msimu huu? Kiangazi si ndicho chenye mwanga?

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kamusi inasema msimu huu ni vuli, lakini mimi vuli yangu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo nitasema msimu wa majani kupukutika.

Kiangazi mwanga ni mwingi, ila unatoka utosini. Hapa kwetu, tarehe 21 Juni jua la mchana hupanda hadi nyuzi 70 hivi juu ya upeo. Mwanga wa namna hiyo hushuka kwenye jiwe lililosimama kama maji ya bomba: mistari iliyolala ya herufi inapata kivuli, lakini iliyosimama, kama ya I au ya namba 1, haipati. Ndiyo maana picha nyingi za Julai zina miaka isiyosomeka. Mwisho wa Septemba jua la mchana limeshuka hadi nyuzi 45, katikati ya Oktoba 38, mwanzoni mwa Novemba 31. Sasa mwanga unakuja mshazari na kila mchoro wa patasi unapata kivuli chake, uliolala na uliosimama.

Sababu ya pili ni miti. Makaburi haya yamepandwa miti ya mepo, ile inayokamuliwa sharubati, na Julai kivuli chake hujaa madoa ya jua yanayorukaruka juu ya jiwe. Majani yakianguka, anga inafunguka. Rangi hufika kilele kaskazini mwa Vermont na New Hampshire mwisho wa Septemba hadi wiki ya kwanza ya Oktoba, na huku kusini katikati ya Oktoba. Watu wote huja wiki hizo. Mimi nakwambia njoo Novemba, wiki mbili za kwanza, wakati wenyeji wa Vermont wanaouita msimu wa vijiti: miti mitupu, nyasi zimelala, hakuna basi la watalii. Kwa picha ya ukutani Oktoba inashinda, lakini ukitaka majina hakuna wakati bora kuliko huo.

Nifike saa ngapi?

Si alfajiri, na si jioni ile ya mwanga wa dhahabu. Hapa ndipo wapiga picha wa mandhari hukosea.

Wakristo wa zamani walizikwa miguu ikielekea mashariki, kwa hiyo nyuso za mawe kwa kawaida zinatazama mashariki au magharibi. Jua la jioni likipiga uso unaotazama magharibi linaupiga usoni kabisa. Rangi ni nzuri, herufi zimefutika. Unachotaka ni jua lililo karibu na ubavu wa jiwe, likilamba uso wake. Katikati ya Oktoba jua huwa kusini kamili saa sita na nusu mchana. Kwa hiyo mawe yanayotazama mashariki yapige katika saa moja kabla ya hapo, na yanayotazama magharibi katika saa moja baada yake. Saa zikirudishwa nyuma, Jumapili ya kwanza ya Novemba, kila kitu kinasogea hadi saa tano na nusu. Kumbuka pia kwamba Novemba giza linaingia saa kumi na nusu jioni.

Nenda na dira, au tumia ile iliyo kwenye simu. Ukifika, zunguka kwanza bila kupiga, uone nyuso zinatazama wapi, ndipo upange zipi uanze nazo.

Jiwe linatazama kaskazini au liko kivulini. Nifanyeje?

Beba kioo. Hiki ndicho kifaa ninachokithamini kuliko lenzi yoyote niliyonunua.

Chukua kioo chepesi cha plastiki cha kubandika mlangoni, cha urefu wa mita moja na kidogo. Mtu mmoja asimame palipo na jua, hata mita kumi kutoka kwenye jiwe, arudishe mwanga ili upite juu ya uso wa jiwe kwa mshazari mkali, nyuzi 30 au chini yake. Utaona herufi zikiinuka mbele ya macho yako. Mara ya kwanza nilipoona hivyo, kwenye jiwe ambalo nilikuwa nimeliandika kwenye daftari kama "tupu", likatokea jina la mtoto, la baba, la mama, na beti nne za shairi, na nilikaa chini nikalia.

Angalia mwanga usitoke chini. Macho yetu yamezoea jua la juu, na mwanga wa kutoka chini hugeuza picha: herufi zilizochimbwa zinaonekana zimevimba. Ulete kutoka pembe ya juu kushoto au kulia, na anayeshika kioo akiwa mfupi apande juu ya kisiki au mwamba, kamwe si juu ya jiwe la kaburi. Asimulike barabarani wala machoni mwa mtu.

Mbinu hii ni ya zamani. Daniel Farber na mkewe Jessie Lie Farber, wa Worcester, Massachusetts, walizunguka miaka mingi na kioo. Mkusanyo unaobeba jina lao una picha zaidi ya 13,500, zikiwemo za Harriette Merrifield Forbes, mwanamke wa Worcester aliyekuwa akipiga mawe haya katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Unahifadhiwa na American Antiquarian Society, mjini humohumo Worcester, na unaweza kuutazama mtandaoni. Nenda kautazame kabla hujatoka nyumbani. Katika baadhi ya picha zile utaona maandishi ambayo leo kwenye jiwe lenyewe hayapo tena.

Siku ya mawingu mazito kioo hakina kazi. Tumia tochi ya LED, mwenzako akikinga mwanga wa anga kwa koti jeusi au mwavuli mweusi. Ukiwa peke yako, weka kamera kwenye miguu mitatu, piga picha nane bila kuisogeza, kila mara ukihamisha tochi upande mwingine. Neno lisilosomeka katika moja litasomeka katika nyingine.

Sina kamera, nina simu tu. Inatosha?

Inatosha. Rudi nyuma hatua mbili utumie lenzi ya kuvuta mara mbili, maana lenzi ya kawaida ya simu ni pana na hupanua kichwa cha jiwe. Piga magoti ili simu iwe usawa wa katikati ya maandishi, sambamba na uso wa jiwe. Jiwe likiinama, inamisha simu vilevile. Gusa maandishi kwenye kioo cha simu, kisha punguza mwanga kidogo, hasa kwa marumaru nyeupe. Mtindo wa kutia ukungu nyuma ya picha uzime, huwa unakula kingo za jiwe.

Kwa mwenye kamera: lenzi ya milimita 50 au zaidi, tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) ya chini, na faili ghafi (RAW). Baridi humaliza betri upesi, kwa hiyo ya akiba iweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Ukiingia kwenye gari lenye joto, iache kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto taratibu, la sivyo lenzi itatoka jasho.

Nimeona watu wanapaka chaki, unga au povu la kunyolea ili maandishi yaonekane. Nami nipake?

Usipake. Usipake chochote, wala usiulize kama kuna aina "isiyo na madhara".

Povu la kunyolea lina asidi na mafuta yanayobaki ndani ya vitundu vya jiwe hata ukimwagia maji ndoo nzima. Unga ni chakula cha kuvu. Chaki hukwaruza na kubaki, na dawa ya kuondolea madoa ya nguo huacha chumvi zinazokua ndani ya jiwe na kulipasua. Brashi ya waya inaondoa ngozi ya jiwe pamoja na herufi zenyewe. Nimeona jiwe moja la marumaru lenye mistari ya waya tangu juu hadi chini, na ninaamini aliyelifanya hivyo alikuwa na nia njema kabisa.

Kunakili kwa kuweka karatasi na kusugua nta kunaonekana kazi ya upole, lakini kunasukuma jiwe lililolegea na kubandua lililochoka. New Hampshire ina sheria juu yake: RSA 289:22 inataka kibali cha maandishi kutoka kwa wasimamizi wa mji kabla ya kunakili kwa kusugua katika makaburi ya mji. Kwa mwenye kioo na kamera, hakuna haja hiyo.

Madoa ya kijani na vijimea vya kijivu vimeshikamana na jiwe, na vijimea vina vijinyuzi vilivyoingia ndani yake. Ukivibandua kwa kucha unaondoka na chembe za jiwe. Viache. Kusafisha ni kazi ya waliofunzwa, kwa maji mengi na brashi laini, na kwa ruhusa.

Nayajuaje mawe yenyewe?

Jeusi au la kijivu-buluu, jembamba, lenye herufi kali kana kwamba zilichongwa jana, hilo ni sleti. Lilitumika tangu karne ya 17 hadi mwanzoni mwa ya 19, na ajabu yake ni kwamba kongwe ndilo linalosomeka zaidi. Adui wake ni maji yanayoingia kati ya tabaka zake: yakiganda yanavimba, na siku moja uso mzima unatoka kama ganda la kitunguu. Sleti ipige ikiwa kavu.

Jeupe ni marumaru, iliyoenea hasa karne ya 19. Vermont walianza kuichimba kibiashara huko Dorset mwaka 1785. Marumaru ni ya jamii moja na chokaa, kwa hiyo mvua yenye asidi kutokana na moshi wa makaa na mafuta huila. Uso wake hugeuka kama sukari ya chembechembe. Wakati ni mfupi sana kwa mawe haya, na ukiwa na saa moja tu katika makaburi, anza na meupe. Sleti itakungoja.

Graniti ilikuja na mashine mwishoni mwa karne ya 19, nayo haina haraka. Halafu kuna nguzo zenye rangi ya buluu-kijivu ambazo maandishi yake ni safi mno. Hizo si mawe. Ni zinki, zilizotengenezwa na Monumental Bronze Company ya Bridgeport, Connecticut, kuanzia miaka ya 1870 hadi 1914, na ndani ni tupu kama debe.

Michoro ya mafuvu inanitisha. Maana yake nini?

Fuvu lenye mabawa ndilo kongwe, la Wapuritani wa karne ya 17 na nusu ya kwanza ya 18: mauti inakuja, na roho inaruka. Kisha fuvu linapata mashavu, likawa uso wa malaika. Mwishoni mwa karne ya 18 unaingia mti wenye matawi yaliyolegea kama mtu anayelia, ukiinamia chombo cha majivu. Katika makaburi mengine unaweza kutembea safu moja tu na kuona fuvu likigeuka uso, uso ukigeuka mti, baba hadi mjukuu. Mwanakondoo ni mtoto. Kidole kinachoelekeza juu hakihitaji maelezo.

Piga mchoro peke yake, karibu, baada ya kupiga jiwe zima. Chungulia pia chini kabisa, karibu na nyasi. Wachongaji wengine waliweka jina lao hapo. Nyasi zilaze kwa mkono, usizikate kwa kisu.

Nimeweza kuliona neno lakini silielewi.

Herufi inayofanana na f katikati ya neno mara nyingi ni s ya zamani. "Ye" ni "the". "Relict" ni mjane. "Consort" ni mke aliyetangulia kufa kabla ya mumewe. "Aet." au "Æ" ni umri. Ukiona "in the 34th year of his age" marehemu alikuwa na miaka 33, kwa sababu mwaka wa 34 alikuwa ameuanza tu. Kosa hili limejaa katika orodha za watu. Tarehe yenye miaka miwili, kama 1738/9, ni ya kabla ya 1752, ambapo Waingereza na makoloni yao walikuwa bado wanaanza mwaka Machi 25.

Andika kwenye daftari ulichokisoma palepale, mbele ya jiwe. Ukiwa pale unaweza kuinama na kusogea, picha haiinami.

Nahitaji ruhusa?

Makaburi ya mji yako wazi mchana. Soma kibao cha langoni. Ya kifamilia, ndani ya shamba la mtu, bisha hodi. Nimebisha hodi mara nyingi, mtu mweusi mwenye lafudhi na begi kubwa mgongoni, na sitasema kwamba mapokezi yalikuwa mazuri kila mahali. Mzee mmoja alizungumza nami mlango ukiwa umefunguliwa kiasi cha kidole. Lakini nilipomwambia jina la ukoo ninaoutafuta, alivaa koti akanipeleka mwenyewe. Sasa nabeba picha mbili tatu nilizochapisha, nazionyesha kabla sijaomba chochote. Ukitaka kupitia njia rasmi, anza na ofisi ya karani wa mji. Atakuelekeza kwa wasimamizi wa makaburi.

Kaburi jipya, lenye ua bichi, mimi silipigi.

Na namna ya kuyapata: ramani za USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, huandika "Cem" hata kwenye msitu ambao hauna njia. Vyama vya makaburi ya kale vya Vermont, Maine na New Hampshire vina watu wanaoyajua moja moja.

Kuna hatari gani?

Kupe kwanza. Watu hudhani ni wa kiangazi, kumbe kupe wa kulungu waliokomaa, wanaobeba ugonjwa wa Lyme, hutembea sana Oktoba na Novemba, siku yoyote ambayo hakujaganda. Ingiza suruali ndani ya soksi, na ukifika nyumbani jikague mwili mzima, nyuma ya magoti na kwenye nywele. Pili, Novemba ni msimu wa uwindaji: vaa fulana ya rangi ya chungwa kali, na mtoto umvalishe vilevile. Tatu ni mawe yenyewe. Jiwe refu la marumaru lina uzito wa kumvunja mtu mguu, na mengi yamesimama kwa mazoea tu. Niliwahi kuegemea moja nikibadilisha lenzi, likasogea. Usiegemee, usimruhusu mtoto ashike. Lililoanguka usiliinue, liandike, umwambie msimamizi.

Naruhusiwa kupanga majani juu ya jiwe yapendeze?

Kuondoa jani linaloziba herufi, ndiyo, kwa mkono. Kupanga, mimi sifanyi. Mti una mpangilio wake.

Kuna Waafrika waliozikwa katika makaburi haya?

Wapo, na wengi hawana jiwe. Wenye jiwe nawatembelea kila mwaka.

Jaffrey, New Hampshire, nyuma ya jumba la mikutano ambalo fremu yake iliinuliwa mwaka 1775, chini ya mlima Monadnock, kuna mawe mawili yanayosimama pamoja. La kwanza ni la Amos Fortune. Alizaliwa Afrika, akauzwa, akajikomboa kwa fedha yake akiwa Massachusetts, akahamia Jaffrey mwaka 1781 na kuwa mtengenezaji wa ngozi, na alipokufa aliliachia kanisa na shule ya mji sehemu ya mali yake. Jiwe linasema: alizaliwa huru Afrika, mtumwa Amerika, alinunua uhuru, aliukiri Ukristo, aliishi kwa heshima, akafa na matumaini, Novemba 17, 1801, miaka 91.

La pili ni la mkewe, Violate, aliyemfuata Septemba 1802. Linasema kwamba kwa kuuzwa alikuwa mtumwa wa Amos Fortune, kwa ndoa mkewe, kwa uaminifu wake rafiki na faraja yake. Lisome pole pole. Mwanamume aliyekuwa mtumwa alimnunua mwanamke ili awe mke, na mchonga mawe akayaandika yote, kuuzwa na kupendwa, juu ya jiwe moja. Nimekaa mbele ya maneno hayo mara nyingi na bado hayajanizoea.

Karibu na Lowell, huko Concord, Massachusetts, kuna jiwe la John Jack, mzaliwa wa Afrika aliyefariki Machi 1773 akiwa na miaka 60 hivi. Limeandikwa kwamba Mungu hutaka tuwe huru, mwanadamu hutaka tuwe watumwa. Miaka miwili kabla ya mapigano ya kwanza ya mapinduzi ya Marekani, yaliyofika katika mji huohuo! Jiwe la kwanza halipo. Lililopo ni nakala ya karne ya 19. Maneno yamebaki kwa sababu kuna mtu aliyaandika kabla hayajapotea.

Nenda Jaffrey na watoto wako. Piga mawe yote mawili katika fremu moja kwanza, kisha kila moja peke yake.

Picha nizipeleke wapi?

Kwanza zipe majina ukiwa bado unakumbuka: mji, makaburi, jina la ukoo, mwaka. Faili inayoitwa IMG na namba ni kaburi la pili. Kwa kila jiwe weka picha ya makaburi yote, ya jiwe na majirani zake, ya uso mzima, ya maandishi, na ya mgongo. Majirani ni muhimu: jiwe likihamishwa, wao ndio watakaosema lilikuwa wapi.

Tovuti za Find a Grave na BillionGraves zinapokea picha za kila mtu. Nakala nyingine wapelekee maktaba ya mji. Wakutubi wa vijijini hufurahi kuliko unavyotarajia.

Mbinu hizi zinafaa makaburi ya kwetu?

Zinafaa, ukibadilisha saa. Pwani jua la mchana liko utosini karibu mwaka mzima, na mapambo ya makaburi ya kale, ya matumbawe na chokaa, hayana kina kirefu. Kwa hiyo kule ni asubuhi, saa moja hadi saa mbili na nusu, au alasiri jua likishuka. Gede kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, kuna makaburi ya nguzo mengi kuliko mahali pengine pwani, na kwenye baadhi ya nguzo utaona vitundu vilivyoachwa na bakuli za kaure zilizong'olewa. Nguzo nyingi zimeshaanguka. Sikuwahi kuzitazama nilipokuwa mtoto. Tulikuwa tunapita tukienda zetu.

Mwaka jana nilipokwenda likizo, mama yuleyule aliyesema uchuro aliniambia nibebe kamera twende kwa babu. Kaburi la babu ni la saruji, jina liliandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi, na mvua zimekula nusu yake. Kioo nilikuwa nimekiacha Nashua. Mama akarudi ndani akatoka na sinia la aluminiamu, akalisugua kwa upande wa khanga, akasimama upande wa jua na kuniuliza aliinamishe vipi.